BOMBA HALIZIKWI UCHI

Ndugu wafanyakazi wa ujenzi wa Arua, Koboko na West Nile nzima,

Tuliitwa Koboko kwa shauri la mwenzetu mmoja, fundi bomba, aliyezuiliwa ujira wake wa siku 9. Tajiri alimwambia hivi: bomba ulilonifungia jikoni limeoza, sakafu yangu imevunjwa, hasara ni yako. Fundi alijibu kwamba bomba lile alilifunga miaka 6 iliyopita, kwa kazi nyingine kabisa, likapimwa, likapitisha maji, naye akalipwa wakaagana kwa heri. Tajiri hakusikia. Ujira wa choo kipya cha nyuma akauzuia ili kulipia sakafu ya zamani ya mbele.

Tulikwenda wenyewe kutazama, kwa maana shauri la chuma haliamuliwi kwa kelele. Ni nyumba ya wageni kando ya barabara iendayo Oraba. Sakafu ya jiko ilikuwa imepasuliwa kutoka mlango wa nyuma mpaka kwenye sinki, mfereji uko wazi, na bomba la chuma la robo tatu inchi limelazwa nje juani. Penye elbo ya kwanza, pale nyuzi zilipokatwa, palikuwa na tundu la kupitisha msumari wa inchi 4. Sehemu nyingine zilikuwa zimevimba kutu, ukizigonga kwa koleo zinabanduka magamba. Tulichungulia mfereji. Chini ya zege walikuwa wamejaza majivu ya jiko la kuni, vipande vya matofali na maramu. Hapakuwa na tepu, wala lami, wala hata karatasi ya nailoni. Bomba lilizikwa uchi. Hata maiti asiye na jamaa hupewa sanda, lakini bomba lile lilitupwa shimoni kama mfupa.

Mwenzetu akatoa karatasi aliyoitunza miaka yote hiyo ndani ya kitambulisho chake cha chama. Ilikuwa orodha ya vifaa: bomba, elbo, soketi, uzi wa katani, rangi, tepu ya kufungia bomba roli 4. Mstari wa tepu ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, na kalamu ile si ya fundi. Tuliishika karatasi hiyo kwa mikono yetu.

Kama mambo yangeishia hapo tungeandika barua ya kudai ujira na basi. Lakini tukiwa pale pale tuliambiwa habari iliyotunyima usingizi njia nzima ya kurudi Arua. Tajiri huyo huyo amechoka na bei ya kuni na makaa, anataka jiko la gesi. Mitungi mikubwa ya kilo 45 itasimamishwa nyuma ya nyumba, na bomba la chuma litaleta gesi mpaka jikoni. Litapita wapi? Chini ya sakafu ile ile, katika mfereji ule ule. Alituambia bila kusita: mfereji upo tayari, kwa nini tuharibu rangi ya ukuta?

Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu wasimame kidogo wafikiri. Maji yakivuja chini ya sakafu, unapata unyevu, bili kubwa na ugomvi wa ujira. Gesi ikivuja chini ya sakafu, huoni kitu. Na gesi ya mitungi, iwe propani au butani au mchanganyiko wao, ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, butani mara mbili. Wenzetu wa Dar es Salaam wanayo gesi asilia inayofika kwa bomba kutoka Songo Songo tangu 2004. Ile ni nyepesi, ikivuja hupanda na ukifungua dirisha la juu inaondoka. Hii yetu hushuka. Hutambaa sakafuni kama maji, huingia katika nyufa, mifereji na mashimo ya maji machafu, hulala humo ikingoja. Ikifika sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa, cheche ya swichi ya taa inatosha kuilipua. Imetiwa harufu mbaya makusudi ili watu waitambue, lakini ikipita ndani ya udongo harufu hiyo inaweza kupungua kabla haijafika puani. Tena haitokei lazima pale ilipovujia. Bomba linaweza kutoboka chini ya jiko, gesi ikapita chini ya zege ikaibukia chumba cha mgeni aliyelala.

Sasa, chuma hiki kinaozaje? Wengi wetu tunadhani kikishafunikwa na simenti kiko salama milele. Nusu ya wazo hilo ni kweli, na ndiyo maana linadanganya. Zege nzuri, nzito, iliyopigwa vizuri na kukauka, hulinda chuma. Simenti ina ukali wake unaoizuia kutu. Nondo za nguzo zinakaa miaka mingi kwa sababu hiyo. Lakini tazameni sakafu zetu. Mfuko mmoja wa simenti unatandazwa kwa karai nyingi za mchanga kuliko ilivyoagizwa, zege inakuwa nyepesi yenye matundu kama sifongo. Jiko linaoshwa kwa maji kila siku, na maji ya jikoni yana chumvi. Chumvi ikipenya ndani ya zege inauvunja ule ulinzi. Hewa nayo, kidogo kidogo kwa miaka, inaumaliza ukali wa simenti. Halafu chini ya zege kuna udongo, na kuanzia Aprili mpaka Novemba udongo wa West Nile haukauki vizuri. Ule mweusi wa mabondeni unashika maji hata baada ya mvua kukatika.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wengi hawakuambiwa, nalo ni la betri. Kila mtu hapa amewahi kusahau betri ndani ya tochi. Ukifungua baada ya miezi, kasha la betri limeliwa, maji yametoka, tochi imeharibika. Kasha hilo ni zinki, nalo liliwa kwa sababu ndiyo kazi ya betri: chuma kimoja kinaliwa ili umeme upite kwenda kwa kingine. Chini ya sakafu tunatengeneza betri hizo bila kujua. Ukiunga bomba la chuma na koki ya shaba, ukazika maungio hayo katika udongo mbichi, umetengeneza betri, na chuma ndicho kitakacholiwa. Bomba moja likiwa nusu ndani ya zege nzuri na nusu ndani ya udongo mbichi, hiyo pia ni betri, na ile nusu ya udongoni ndiyo huwa kasha. Kwa hiyo bomba mara nyingi hutoboka pale pale linapotoka katika zege kuingia katika maramu, na wala si katikati.

Bomba lililopakwa zinki, lile tunaloliita GI, lina mlinzi. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Lakini mlinzi ni mwembamba, na tunapokata nyuzi kwa dai tunamwondoa sisi wenyewe, tena tunaupunguza unene wa bomba. Ndiyo sababu tundu la Koboko lilikuwa penye nyuzi. Fundi wa zamani walikuwa wakipaka rangi nyuzi zilizobaki nje ya soketi. Siku hizi watu wanacheka ukifanya hivyo, wanasema unapoteza wakati wa tajiri.

Betri hizi za chini ya ardhi zimewahi kuua mji. Tarehe 22 Aprili 1992 mitaa ya Guadalajara, nchini Meksiko, ililipuka mchana kweupe. Wachunguzi walieleza kwamba bomba la maji lenye zinki lilikuwa limelazwa karibu mno na bomba la chuma la petroli. Katika unyevu wa ardhi yakafanya kazi ya betri, bomba la petroli likatoboka, petroli ikaingia katika mitaro ya maji machafu na kusambaa chini ya nyumba. Watu zaidi ya 200 walikufa. Na walioyalaza mabomba yale walikuwa wafanyakazi kama sisi, walioambiwa pitisha hapa, nao wakapitisha.

Lakini habari inayofanana na ya Koboko zaidi ni ya Glasgow, huko Scotland, nayo tunaomba kila mjumbe wa tawi aisome kwa sauti mkutanoni. Mwaka 1969 kiwanda kimoja katika mtaa wa Maryhill kilifungiwa bomba la chuma la kuleta gesi ya mitungi, gesi kama hii yetu, kutoka tangi la uani. Mwaka 1973 uwanja uliinuliwa, bomba likafunikwa lisionekane tena. Likasahauliwa. Halikuwa na kinga ya kutosha, likaliwa na kutu polepole gizani. Wafanyakazi waliajiriwa, wakastaafu, wengine wakaajiriwa, bomba liko chini ya miguu yao. Tarehe 11 Mei 2004 gesi iliyokuwa imevuja na kujikusanya katika chumba cha chini ya jengo ililipuka. Jengo la ghorofa nne likaanguka. Watu 9 walikufa, na wengine zaidi ya 30 waliumia.

Angalieni hesabu ya miaka: 35 tangu bomba kulazwa. Kampuni mbili zilizohusika zilitozwa faini ya paundi 400,000 kwa jumla mwaka 2007. Mahakamani ilitajwa kwamba kubadilisha bomba lile kungegharimu paundi 405. Kisha jaji, Lord Gill, alifanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2009, akasema kwamba balaa lile lingeweza kuepukwa, akawalaumu wenye kiwanda na wakaguzi wa serikali pia. Ikapendekezwa kwamba mabomba ya chuma ya gesi yaliyozikwa yatafutwe na kubadilishwa, badala yake yawekwe ya plastiki ngumu ya polithini ambayo haijui kutu.

Uingereza ina wakaguzi, ina mahakama, ina vyama vya wafanyakazi vya zaidi ya miaka 150, na bado bomba moja lililosahauliwa liliua watu 9. Sisi Koboko mkaguzi tunamwona lini?

Basi fundi afanye nini? Kwanza, na hili ndilo neno kubwa, asilizike kama inawezekana. Bomba la gesi lipite nje ukutani, lishikwe kwa klipu, lipakwe rangi, lionekane na kila mtu. Likianza kutu mama wa jikoni ataiona kabla ya fundi. Mitungi ikae nje penye hewa, mbali na mashimo na mitaro. Ukuta kuonyesha bomba si aibu. Tajiri anayeona haya ya bomba ukutani na apake bomba rangi ya ukuta.

Ikiwa hakuna njia ila sakafuni, basi liwe fupi iwezekanavyo, liwe la kipande kimoja kama urefu unaruhusu, na lisiwe na yunioni wala maungio ya kukaza kwa nati mahali pasipofikika. Bora zaidi ni bomba lililovikwa plastiki kiwandani. Kama ni chuma kitupu, kisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka king'ae, kikauke, kipakwe rangi ya kwanza inayokwenda na tepu, kisha kifungwe tepu kwa kuzungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, bila kuacha mkunjo wala pengo. Fundi asiruke penye elbo kwa sababu pana usumbufu. Hapo penye usumbufu ndipo panapotoboka. Tepu ipite mpaka juu ya sakafu, mahali bomba linapoibuka, kwa sababu maji ya kudekia hukaa hapo. Chini lilazwe juu ya mchanga safi, si juu ya matofali yaliyovunjika yenye meno, wala juu ya majivu. Jiwe moja lenye ncha likitoboa tepu, kutu yote ya bomba itakusanyika katika tundu hilo moja, na huko kutoboka kutakuja upesi kuliko kama usingefunga kabisa. Hili tulilisikia kwa fundi mmoja wa mabomba ya mafuta, tukabisha, halafu tukaja kuelewa: betri yote inafanya kazi mahali padogo.

Bomba likipita katika ukuta au zege, lipite ndani ya bomba lingine kubwa la plastiki. Nafasi kati ya mabomba hayo mawili izibwe upande wa ndani ya nyumba, iachwe wazi upande wa nje, ili ikivuja humo gesi iende kwenye upepo na si kitandani kwa mtu.

Halafu kipimo. Kabla ya karai moja ya zege kumwagwa, bomba lote lipigwe hewa kwa pampu, liwekewe geji, liachwe, na mshale wa geji utazamwe. Kila ungio lipakwe maji ya sabuni. Povu likitoka, fungua ufunge upya. Maungio yafungwe tepu baada ya kipimo, si kabla, maana tepu inaweza kuficha uvujaji kwa wiki chache. Kiberiti kisitumike hata kwa mzaha. Na gesi ya oksijeni ya kuchomelea isitumike kupimia. Ikikutana na mafuta yaliyobaki ndani ya bomba inaweza kuwaka yenyewe. Mwisho, siku hizi karibu kila kijana ana simu. Mfereji upigwe picha ukiwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kutoka ukutani, ili atakayekuja na mtarimbo mwaka ujao ajue pa kupiga.

Mtu atasema haya yote ni kazi ya enjinia. Enjinia wa majengo mengi ya Koboko ni nani? Ni mwenye nyumba na fundi wake, wanachora kwa kijiti ardhini. Ndiyo maana tunaandika hapa na si mahali pengine.

Lakini hatupendi kumlaumu tajiri peke yake, kwa maana katika mkutano wa tawi Arua ukweli ulisemwa na ulikuwa mchungu. Waashi wengi wanalipwa kwa kipande. Sakafu ikimwagwa leo, pesa leo. Fundi bomba akisema subirini nipime, waashi ndio wanaomzomea kwanza. Mmoja alisimama akasema wazi: "Mimi nina watoto, siwezi kungoja mshale wa geji ya mtu." Hatukumkemea, maana ana haki ya kula. Lakini tulimwuliza, mpishi wa jiko hilo je, hana watoto? Tena wapo fundi, nao tunawajua, wanaopewa roli 4 za tepu, wakatumia moja mwanzoni mwa bomba pale tajiri anapochungulia, tatu wakauza. Chama hakitawatetea hao. Aliyeuza tepu ya gesi ameuza pumzi ya mtu.

Turudi kwa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Wengine katika tawi walisema hiyo inatosha: tukatae kufunika bomba, tutaje sheria. Sisi tuna wasiwasi. Sheria hiyo inamfaa anayeona ukuta unaanguka. Kutu haina haraka. Bomba lililozikwa uchi leo haliui mtu leo. Wakili wa tajiri atasimama aseme hatari iko wapi, jiko linawaka, chai imeiva. Miaka 10 baadaye anayekufa ni mpishi au mhudumu ambaye siku ya kuzika bomba alikuwa bado shuleni. Na hapo familia yake inaweza kudai chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, mishahara ya miezi 60, ikiwa inaweza kuonyesha kwamba aliajiriwa. Wangapi kati ya akina mama wa jikoni Arua na Koboko wana karatasi ya kuonyesha? Tajiri atasema alikuwa anasaidia tu.

Kwa hiyo tunaona kwamba haki hii lazima tuiandike wenyewe, katika mapatano na makontrakta na wenye majengo, kabla ya koleo la kwanza. Tunataka iandikwe kwamba bomba lolote la gesi, na la maji pia tukiweza, halifunikwi mpaka limevikwa, limepimwa, na fundi aliyelifunga ametia sahihi pamoja na mwenye nyumba. Tunataka mwashi anayesimama kungoja kipimo alipwe muda wake wa kusimama, ili asigeuzwe adui wa mwenzake. Tunataka kifaa cha kinga kikikatwa katika orodha, aliyekikata aandike jina lake mbele ya mstari huo. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kalamu nyekundu isiyo na jina ndiyo iliyompeleka mwenzetu wa Koboko kulipishwa sakafu. Na tepu isiposemekana haipo Koboko, itatafutwa Arua. Isipokuwepo Arua, itaagizwa Kampala kwa basi la usiku, asubuhi ipo.

Wapo watakaosema tunaogopa mambo ambayo hayajafika, kwamba jiko la gesi la bomba ni la hoteli mbili tatu tu. Arua ilifanywa jiji mwaka 2020, majengo ya ghorofa yanapanda kila upande. Miti ya kuni inapungua, na shule na hospitali zinapikia mamia ya watu kila siku. Mafuta yaligunduliwa upande wa Ziwa Albert mwaka 2006, na katika mipango ya visima hivyo imo gesi ya kupikia. Gesi itakuja kwetu, nasi tunaitaka ije, kwa maana moshi wa kuni nao unawaua mama zetu taratibu. Tunachosema ni kwamba mikono itakayoyalaza mabomba ya gesi ni ile ile iliyoyalaza ya maji, kwa desturi zile zile, katika majivu yale yale.

Tajiri wa Koboko amekubali kutuona Jumamosi. Tutamdai mambo mawili: ujira wa siku 9 wa mwenzetu, na bomba la gesi lipite nje ukutani. La kwanza alionyesha dalili ya kulegea alipoiona ile karatasi. La pili alisema atalifikiria, kwa sababu ya rangi. Mfereji bado uko wazi, na waashi wameambiwa wawe tayari Jumatatu. Wawili kati yao ni wanachama wetu, nao wameahidi kutoinua karai kabla ya kutusikia. Kipande cha bomba chenye tundu tumekichukua. Kiko juu ya meza ya ofisi ya tawi hapa Arua, kimefungwa katika gazeti, na anayetaka kukiona aje kabla ya Ijumaa jioni, kwa maana Jumamosi asubuhi tunasafiri nacho.